"Nimenenepa?" Mwongozo wa kumjibu mwenzi wako bila kumdanganya wala kumuumiza

Maswali ni yaleyale, wanabadilika waulizaji tu. Mke kauliza kama amenenepa, mume kameza mate kidogo kabla ya kujibu, basi wamenuniana mpaka kesho yake. Kitambi cha mume kinakua na mke hajui aanzie wapi. Mwenzi ananuka kinywa, na anayelala naye ndiye pekee anayejua, tena ndiye anayeogopa kusema. Halafu kuna lile linaloulizwa kwa sauti ya kukata tamaa: "Kila siku namwambia amependeza, haniamini. Nifanye nini zaidi?"

Mwongozo huu ni wa waliooana, wawe na mwaka mmoja au wana wajukuu. Sehemu kubwa inamhusu anayejibu. Hatua ya 8 ni ya anayeuliza, naye asiiruke.

Msimamo wangu niuseme mapema. Uongo wa kumfurahisha mwenzi una gharama. Ukimvika kilemba cha ukoka kila anapouliza, siku atakapopendeza kwelikweli hutakuwa na neno lililobaki, maana yote umeshayatumia. Naye anajua. Mtu anayeambiwa "uko safi" kwa kila vazi hujifunza kwamba "uko safi" maana yake ni "twende, tumechelewa". Lakini ukweli unaotupwa ovyo, kwa kuwa tu ni ukweli, nao unaumiza bila faida. Kazi iko katika kujua upi useme, useme lini, na upi ubaki nao.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Macho yaliyomtazama. Wengi tunakaa nyumba moja na mtu tusiyemtazama kwa wiki nzima. Kabla hujasema lolote, mwangalie vizuri siku chache: anavaa nini akijisikia vizuri, anaficha nini, anajigusa wapi akipita mbele ya kioo.
- Akiba ya sifa za kweli. Kama neno lako la mwisho kuhusu mwili wake lilikuwa la kukosoa, usianze na kukosoa kwingine. John Gottman, mtafiti wa ndoa wa Marekani, aliona kwamba ndoa zinazodumu huwa na mambo mema kama matano kwa kila moja baya, hata katikati ya ugomvi. Usihesabu kwa vidole, ila ujue mizani inaelemea wapi.
- Faragha. Bila watoto, bila ndugu, bila simu mkononi.
- Kujitazama mwenyewe. Nyani haoni kundule. Kama nawe umejiachia, jiweke kwenye mazungumzo hayo tangu mwanzo.
- Makubaliano. Siku tulivu muulize: "Ukiwa na kitu usoni au nguo haijakaa sawa, ungependa nikuambie vipi?" Wengine wanataka waambiwe waziwazi, wengine waguswe mkono tu. Kulijua hilo kutakuondolea nusu ya ajali.

Nadharia, kidogo tu

Mwaka 1977 watafiti watatu wa saikolojia Marekani, Mita, Dermer na Knight, waliwaonyesha watu picha zao za kawaida pamoja na nakala zilizogeuzwa kama kwenye kioo. Wenye sura walielekea kuipenda nakala ya kioo, marafiki na wapenzi wao wakaelekea kuipenda picha ya kawaida. Kila mmoja alichagua sura aliyoizoea. Kwa hiyo sura anayoilalamikia mwenzako mbele ya kioo siyo hasa unayoiona wewe akiwa amekaa mbele yako. Huna haja ya kubishana na kioo chake. Mwambie unachokiona upande wako.

Hatua 1: Jua ni swali gani umeulizwa

"Nimenenepa?" linaweza kuwa maswali matatu. La kwanza ni la nguo: nitoke hivi au nibadilishe? La pili ni la mwili: nimeona mabadiliko, nawe umeyaona? La tatu ni lenu wawili: bado unanitaka? Maneno ni hayohayo, majibu ni mbalimbali kabisa, na ugomvi mwingi hutokana na kujibu la pili wakati limeulizwa la tatu.

Angalia saa na mahali. Amesimama mbele ya kioo, kiatu kimoja mguuni kingine mkononi, mlitakiwa muwe mmeshatoka: hilo ni la nguo. Ameshuka kwenye mizani, au suruali ya mwaka jana imekataa kufunga: la mwili. Taa imezimwa, amekupa mgongo, swali linatoka gizani: lenu wawili, na hapo ukianza kuzungumzia kilo umepotea. Akirudi kutoka kwenye mkusanyiko wa watu na kuuliza hata kabla hajakaa, huenda kuna mtu kamtupia neno huko. Muulize kwanza kaambiwa nini.

Usipong'amua, uliza tu: "Unaniuliza gauni, au kuna kitu kinakusumbua?" Hakuna aliyewahi kuachwa kwa kuuliza hivyo.

Hatua 2: Pima linarekebishika kwa muda gani

Yapo ya dakika mbili: tongotongo, mboga kwenye jino, zipu, kola iliyojikunja, poda iliyoishia kidevuni ikaiacha shingo na rangi yake. Haya yaseme papo hapo, hata kama hakuuliza, kwa sauti ya chini. Kumwacha aende hivyo kwa kumwonea haya ni kumkosea, na akija kugundua mwenyewe kwenye kioo cha chooni atakuuliza ulikuwa wapi.

Yapo ya miezi: uzito, harufu ya kinywa, ngozi, mavazi yaliyochakaa. Haya yana hatua yake, ya 5.

Na yapo ambayo hayarekebishiki kwa juhudi zake: kimo, umbo la pua, masikio, kovu. Haya hayasemwi bila kuulizwa. Basi.

Onyo: kipimo ni anachoweza kurekebisha pale alipo. Kama mmeshafika kwenye shughuli, gauni halijamkaa na nguo nyingine ziko nyumbani, gauni hilo limehamia kundi la tatu. Lisubiri kesho.

Hatua 3: Jibu upesi

Kimya ni jibu, na ni baya kuliko mengi ambayo ungeyasema. Kama unahitaji muda, utamke huo muda: "Ngoja nikuangalie vizuri, geuka kidogo." Hapo kimya chako kimepata kazi. Kisha mwangalie kweli. "Umependeza" inayosemwa macho yakiwa kwenye simu haihesabiki.

Hatua 4: Semea nguo, usisemee mwili

Hapa ndipo wanaoanza huharibu, kwa hiyo tukae kidogo.

Chukua gauni lenye zipu mgongoni. Zipu imepanda mpaka juu, lakini kitambaa kinavuta mistari kutoka kwenye zipu hadi chini ya kwapa, na akiinua mkono gauni zima linapanda naye. Anageuka: "Vipi?"

Jibu la kuumiza: "Limekubana, umeongezeka."

Jibu la uongo: "Liko poa."

Jibu la kufaa: "Linakuvuta hapa chini ya kwapa, ona mistari hii. Ukikaa litakusumbua muda wote. Lile la kijani lilikukaa vizuri mabegani."

Jibu la tatu limemwonyesha mahali penyewe, likataja usumbufu atakaoupata yeye badala ya watakachosema watu, na likampa pa kwenda. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Ukimwambia "hilo hapana" halafu ukarudi kwenye kiti chako, umemwacha amesimama na gauni lisilofaa na dakika kumi mkononi. Zijue nguo zake. Mume anayejua kwamba mkewe ana gauni la kijani ana nusu ya jibu tayari.

Kwa mwanamume ni vivyo hivyo. Vifungo vya tumboni vimeachana midomo na fulana ya ndani inachungulia: "Shati hilo limekuwa dogo, vaa lile jeupe." Inatosha. Usiongeze utani wa mimba. Wanaume wengi huuliza swali hili kwa mzaha, anajipiga tumbo mwenyewe kisha anacheka huku anakutazama. Hilo nalo ni swali, na ukicheka kupita kiasi umeshalijibu.

Itakuwaje akikushikilia: "Kwa hiyo nimenenepa?" Usirudi nyuma wala usikane. "Umeongezeka kidogo kuliko mwaka jana, ndiyo. Hilo halinisumbui. Nilichosema ni gauni." Sema "halinisumbui" kama ni kweli tu, kama si kweli, liache, na uende hatua ya 5 siku nyingine.

Na kama ameona ongezeko la tangu juzi kwenye mizani, mtulize bila kudanganya: uzito hupanda na kushuka kilo moja au mbili ndani ya siku chache kwa sababu ya maji, chumvi na, kwa mwanamke, siku za hedhi. Mafuta ya mwili hayaji kwa siku mbili.

Hatua 5: Yanayohitaji muda, yaseme mara moja na uyaseme vizuri

Chagua wakati. Usiseme mezani, wala kitandani, wala sekunde moja baada ya kukwepa busu lake. Iwe mchana, mmetulia, na baada ya hapo mna muda wa kukaa pamoja. Ukisema ukiwa umeshika funguo za kutoka, unamwacha na maneno yako peke yake.

Kisha sema unachokiona au kukisikia, tangu lini, na utafanya nini pamoja naye. Tuchukue gumu kuliko yote, harufu ya kinywa. Pua ya mtu huizoea harufu yake mwenyewe, kwa hiyo usidhani anajua na amepuuza.

"Mume wangu, nataka kukuambia kitu ambacho watu wengine hawatakuambia. Wiki hizi mbili tatu nasikia harufu kinywani mwako, hata ukishapiga mswaki. Nadhani si kosa la mswaki. Twende kwa daktari wa meno akaangalie, na mimi nina jino langu la kuonyesha."

Mara nyingi chanzo kiko mdomoni humohumo: utando nyuma ya ulimi, ufizi wenye ugonjwa, mabaki kati ya meno, jino lililooza, au mdomo mkavu. Kusugua ulimi na kusafisha kati ya meno ndiyo mwanzo, na ikiendelea ni kazi ya daktari. Pipi za mnanaa zinafunika tu. Na kununua pipi hizo ukaziacha mahali anapopita si kumwambia, ni kumtegea fumbo. Akilifumbua ataona haya mara mbili: kwa harufu yenyewe, na kwa kuwa ulijua ukanyamaza.

Kitambi na uzito viendeshe upande wa afya, kama kweli hofu yako ni ya afya. Chukueni futi ya fundi, mpimane kiuno wote wawili. Zaidi ya sentimita 102 kwa mwanamume na 88 kwa mwanamke ni kiwango kinachotumiwa sana na wataalamu kuonyesha hatari kubwa zaidi ya kisukari na maradhi ya moyo, na kwa baadhi ya jamii kiwango huwekwa chini ya hapo. Namba haimtukani mtu. Baada ya hapo shika lako: tembea naye, lala mapema naye. Usiwe polisi wa sahani. Anayehesabiwa matonge hujifunza kula kwa siri.

Kama shida yako si afya bali macho yako, usijifiche nyuma ya kisukari. Ataijua hila hiyo. Sema unachokikosa na anachoweza kukifanya: "Nilipenda ulivyokuwa ukijiweka tukitoka pamoja. Natamani tuanze tena."

Onyo kubwa liko kwenye ngozi. Usimwambie mtu angependeza zaidi angekuwa mweupe, hata kwa utani. Krimu za kujichubua zenye zebaki huharibu figo. Zenye steroidi kali hukondesha ngozi. Zenye haidrokwinoni zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kuacha madoa meusi yasiyotoka. Kuna watu walioanza safari hiyo kwa sentensi moja ya mtu wa nyumbani.

Hatua 6: Yasiyobadilika, usiyakane

Ukipenda, chongo huita kengeza. Ndivyo macho ya mapenzi yalivyo na hakuna ubaya. Ubaya ni kumwambia mwenye chongo kwamba huoni kitu. Mke anakuonyesha michirizi ya tumboni, wewe unasema "mbona hakuna?" Yeye anaiona kila akioga. Sasa amejua moja kati ya mawili: hukuangalia, au unadanganya.

Jibu hili lina uzito zaidi: "Naiona. Na bado nikikuona umetoka kuoga nasahau nilichokuwa nafanya." Umekubali kilichopo, kisha ukasema ukweli wa pili ambao ni wako wewe, na huo hakuna awezaye kuupinga.

Msaada mwingine ni kujua mambo yanavyokwenda, ili usiahidi ovyo. Baada ya kujifungua, mji wa mimba huchukua takriban wiki 6 kurudi katika ukubwa wake, lakini misuli ya tumbo na ngozi huchukua muda mrefu zaidi, na wengine hawarudi kama mwanzo. Nywele huanza kunyonyoka kwa wingi kwenye mwezi wa tatu hivi, na kwa kawaida hurudi kabla mtoto hajafikisha mwaka. Michirizi hufifia rangi, haifutiki. Upara wa kurithi huwagusa karibu nusu ya wanaume wanapofika miaka 50. Kwa hiyo mama wa mtoto wa miezi minne anayelia na kitana mkononi anaweza kuambiwa kwa haki "zitarudi". Mwenye upara asiambiwe hivyo. Mwambie afupishe nywele zilizobaki na wewe ndiye utakayemsaidia kunyoa kisogoni.

Hatua 7: Toa sifa ambayo hakuiomba

Sifa iliyoombwa ina nusu ya nguvu, hata ikiwa ya kweli. Isiyoombwa ndiyo inayokaa. Isemee kitu mahususi: "Rangi hiyo inakuamsha uso", "Napenda shingo yako ukibana nywele", "Mikono yako imeniponza tangu siku ya kwanza." Iseme siku za kawaida, akiwa anafua, akiwa amechoka. Ukimsifu mwili wake usiku tu, na usiku ule tu unaotaka kitu, atazifahamu sifa zako kwa saa zake.

Usifie pia alichochagua. Pua alipewa, kilemba alichokifunga dakika ishirini ni kazi yake.

Hatua 8: Kwa anayeuliza

Usitege. Kama unataka sifa, iombe kwa jina lake: "Leo sijisikii vizuri, niambie kitu kizuri." Si unyonge, na mwenzako atashukuru kujua anachotakiwa kufanya. Kama unataka ukweli wa nguo, uliza kabla hujavaa viatu, na ukishaupata usimwadhibu aliyekupa. Ukimnunia leo, kesho utapewa "uko safi" nawe utakuwa umeinunua mwenyewe.

Ukipewa sifa, usiikatae papo hapo. "Ah wapi, na tumbo hili" ni kama kumrudishia mtu zawadi usoni. Sema ahsante, hata kama huamini bado.

Yasiyosubiri kuulizwa

Kinyozi hajinyoi. Mgongo wake, kisogo chake, nyayo zake unaviona wewe kabla yake. Ukiona yafuatayo useme siku hiyohiyo na umpeleke hospitali. Hapa hamzungumzii urembo:

- Baka au doa jeusi lenye pande zisizolingana, kingo zilizochongoka, rangi zaidi ya moja, upana unaozidi milimita 6, au linalobadilika. Kwa wenye ngozi nyeusi, angalia hasa nyayo, viganja na chini ya kucha.
- Kukonda bila kukusudia. Kupoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito ndani ya miezi 6 hadi 12 kunahitaji uchunguzi. Kwa mtu wa kilo 70 ni kilo 3.5 tu. Usikimbilie kumsifu "umepungua vizuri" kabla hujajua kwa nini.
- Ngozi ya shingo au kwapa inayogeuka nyeusi na nene kama mahameli. Wengi hudhani ni uchafu na humsugua mtu kwa dodoki. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, haifanyi kazi yake ipasavyo.
- Macho ya manjano, uvimbe mpya, chuchu iliyoingia ndani au ngozi ya titi kubonyea.

Makosa yanayojirudia

Kumtania mbele za watu. Anaweza kucheka kuliko wote, na bado akalia chooni. Jina la utani la "bonge" au "kipara" ni lake kulitoa, wewe usilianzishe.

Kumlinganisha. Na dada yake, na uliyekuwa naye kabla, na yeye mwenyewe kwenye picha za harusi. Hilo la mwisho watu huliona halina ubaya, kumbe ni kumlinganisha na mtu asiyeweza tena kuwa yeye.

Zawadi ya mizani siku ya kuzaliwa. Sihitaji kueleza.

"Kwa umri wako umependeza." Kata maneno matatu ya mwanzo.

Mambo yakikwama

*Nimeshatoa neno baya.* Lirudie kwa jina, usizungukezunguke: "Nilikuambia umechakaa. Lilikuwa neno baya na halikuwa la kweli." Kama lilikuwa na ukweli ndani yake, omba radhi kwa namna ulivyosema. Usifidie kwa kummwagia sifa siku tatu mfululizo, zitanuka hatia. Neno likiwa zito, itachukua muda, na ataliuliza tena siku ambayo hukutegemea. Jibu tena, bila kusema "si tulishamaliza?"

*Nasifia, haamini.* Usiongeze sauti wala idadi. Mwaka 2007 watafiti Marigold, Holmes na Ross walionyesha kwamba watu wasiojithamini sana hunufaika zaidi na sifa ya mwenzi wakielezwa waifikirie inamaanisha nini, yaani kwa nini mwenzi aliwasifu na jambo hilo lina uzito gani kwao. Unaweza kumsaidia kufika hapo: badala ya "umependeza" tupu, mwambie na sababu. "Nimefurahi kuingia nawe pale, nilijisikia mtu wa bahati." Halafu acha. Usimdai akubali.

*Anauliza swali hilohilo mara nyingi kila siku, na jibu halimtulizi hata saa moja.* Hapo maneno yako yanalisha hofu badala ya kuizima. Jibu mara moja kwa upole, na akirudia mwambie: "Nimeshakujibu, na jibu ni lilelile. Naona hofu ndiyo imerudi. Njoo tukae." Kama anatumia saa nzima kwenye kioo, anakwepa watu, au anang'ang'ania kasoro ambayo wewe huioni kabisa, upo ugonjwa wa akili wa namna hiyo (kwa Kiingereza body dysmorphic disorder). Daktari Mwitaliano Enrico Morselli aliueleza tangu 1891, na huwapata takriban watu 2 kati ya 100, wanaume kwa wanawake. Hutibika kwa tiba ya mazungumzo na dawa. Upasuaji wa kurekebisha sura kwa kawaida haumpi nafuu.

*Anafuta picha zake zote.* Mweleze kuhusu kamera. Uchunguzi uliochapishwa 2018 ulikadiria kwamba picha ya kujipiga kwa umbali wa sentimita 30 hivi huifanya pua ionekane pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ilivyo. Mpige wewe, ukiwa mita moja na nusu mbali, kwa mwanga wa dirishani, na usimwambie "tabasamu". Mwachie yeye aamue ipi ibaki.

*Mvuto umepungua kweli, na sijui niseme nini.* Jiulize kwanza kama ni mwili. Kinyongo, usingizi mchache na madeni huua mvuto haraka kuliko kitambi. Ukishajibu na ukaona bado, usimwambie "hunivutii". Sentensi hiyo haina pa kumpeleka. Sema ulichokikosa: mguso, kutoka pamoja, yeye kujiweka. Na uulize upande wake, kwa moyo wa kusikia. Huenda naye ana lake amelihifadhi miaka.

*Mwenzangu hunikosoa kila siku, akiambiwa anasema yeye ni mkweli.* Ukweli huwa na mwisho, ukishasemwa umesemwa. Kinachorudi kila siku ni dharau. Mwambie mara moja, waziwazi, kwamba maneno hayo yakome. Kama yanaambatana na kukupangia cha kuvaa, kukuzuia kuonana na watu, au kukutisha, hilo si tena jambo la mwongozo huu. Mweleze mtu unayemwamini na utafute msaada nje ya nyumba.

*Nikimuuliza, jibu ni "sawa tu" kwa kila kitu.* Wengine hawadanganyi, hawaoni tu. Kumpa mtu wa namna hiyo vazi moja alitathmini ni kumtesa. Toa mawili, yaweke kitandani, muulize lipi. Asiyejua kusema kwa nini bado anaweza kuchagua, na akichagua, vaa hilo.